Gari Lililozaliwa Kwenye Theluji

Njooni mkae karibu, wanangu, leo nawasimulia habari ya gari. Ni yale magari mnayoyaona kila siku yakipita hapa Chemba kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Kondoa na Babati: Forester, RAV4, X-Trail, Noah. Mkizunguka nyuma ya baadhi yake mtakuta herufi 4WD au AWD. Gari lenye herufi hizo, injini yake inazungusha magurudumu yote manne, si mawili tu. Watu wetu huliita fowili, nami nitaliita hivyo hivyo.

Mengi ya magari hayo yamekuja kwetu yakiwa yameshatumika Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani wao uko kulia, kwa hiyo gari likishamchosha mwenyewe huko hupakiwa melini, likateremshwa bandarini Dar es Salaam na kuanza maisha ya pili. Sasa shikeni jambo hili: waliolibuni gari dogo la fowili hawakuwa wakifikiria tope la Farkwa wala mchanga wa Mto Bubu. Walikuwa wakifikiria theluji.

Theluji wengi wenu hamjaiona, labda aliyefika Moshi siku isiyo na mawingu akauona weupe kileleni mwa Kilimanjaro. Msidhani ni sawa na mvua ya mawe. Mvua ya mawe hupiga mabati kwa kelele, ikayeyuka kabla mama hajamaliza kuwaita ndani. Theluji huanguka taratibu, chembe nyepesi za barafu, bila sauti, usiku kucha, na asubuhi watu hulazimika kuchukua sepetu ili watoke nyumbani. Katika jiji la Sapporo, kaskazini mwa Japani, wanakoishi watu karibu milioni 2, theluji ya msimu mmoja, ukijumlisha inayoanguka siku kwa siku, hufika karibu mita 5. Kwetu, mvua yote ya mwaka katika ukanda huu wa Dodoma ni milimita 500 hadi 600 hivi. Na bado watu wa Sapporo huenda kazini, watoto huenda shule, na wagonjwa hufikishwa hospitali.

Huko kwenye baridi ndiko alikotokea mhitaji wa kwanza. Kampuni ya umeme ya eneo la Tohoku, huko huko Japani, ilikuwa na mafundi waliopaswa kupanda milimani wakati wa theluji kukagua nyaya. Magari ya aina ya jeep waliyokuwa nayo yalipanda vizuri, lakini ndani yalikuwa na baridi kali na safari iliwachosha mno. Wakaomba gari la kawaida, lenye joto na viti vya kawaida, ila lisikwame. Mwaka 1971 mafundi wa Subaru katika mkoa wa Miyagi wakawatengenezea gari dogo lenye magurudumu manne yanayozungushwa na injini. Mwaka uliofuata kampuni ikaanza kuuza Leone ya fowili kwa yeyote mwenye fedha za kununua.

Fowili yenyewe haikuwa ngeni duniani. Spyker ya Uholanzi ilitengeneza gari la namna hiyo mwaka 1903. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na Toyota wakatoa gari lao mwaka 1951, ambalo baadaye likapewa jina la Land Cruiser. Hizo mbili ndizo babu zenu walizozijua hapa, za serikali, za misheni na za wanunuzi wa mazao. Zilikuwa mashine za kazi. Kilichokuwa kipya mwaka 1972 ni fowili kuingia ndani ya gari la kwenda sokoni.

Haya, magurudumu manne yanasaidia nini hasa?

Kinacholipeleka gari mbele ni ardhi. Injini inazungusha tairi, tairi linaisukuma ardhi kwenda nyuma, na ardhi, kwa kuwa haisogei, inalirudishia gari msukumo huo huo kwenda mbele. Ardhi ikikataa kushikwa, injini kubwa haina faida yoyote juu ya ndogo. Na kila tairi linagusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Gari lote, na abiria, na magunia ya alizeti nyuma, limesimama juu ya viganja vinne.

Kwenye lami kavu kila kiganja kinashika vizuri, hivyo viwili tu vinatosha kulisukuma gari. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari, mshiko hubaki kama robo ya ule wa lami kavu. Kwenye barafu tupu hubaki kama sehemu moja ya nane. Hapo gari la magurudumu mawili huanza kuteleza hata kwa kuguswa kidogo tu pedeli ya mafuta, kwa sababu viganja viwili vinafanya kazi yote huku viwili vingine vikiburutwa. Fowili huigawa kazi hiyo mara nne, kila tairi likadaiwa nusu ya kile ambacho lingedaiwa. Ndiyo maana fowili hupanda kilima chenye theluji wakati jirani yake anazungusha magurudumu palepale.

Ila kuna kifaa kimoja lazima mkijue, maana hicho ndicho kinachowaangusha wengi wanaodhani fowili haikwami. Ni difu. Jaribuni hivi shuleni: wanne mshikane mikono katika mstari mmoja, kisha mzunguke mlingoti wa bendera. Aliye karibu na mlingoti anajongea tu, wa mwisho anakimbia. Magurudumu ya gari kwenye kona yako hivyo hivyo: la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti. Bila difu, kwenye kila kona tairi moja lingeburuzwa.

Udhaifu wake ni huu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa pande mbili, na haiwezi kuupa upande mmoja zaidi ya kile ambacho upande dhaifu unaweza kukipokea. Tairi moja likikaa kwenye utelezi au likining'inia juu ya shimo, linazunguka bure, na mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu hapati cha kumwezesha kusukuma. Kwa hiyo gari linaweza kuwa fowili halisi na bado likasimama katikati ya tope, tairi moja la mbele na moja la nyuma yakirusha matope angani huku mengine mawili yametulia kabisa. Ndiyo sababu Land Cruiser za kazi ngumu huwekewa difu loki, inayofunga pande mbili zizunguke pamoja. Magari madogo hutumia njia nyingine. Baadhi yana kasha lililojaa sahani nyembamba na mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele yakianza kuteleza, mafuta hayo hukaza na kuizungusha ekseli ya nyuma. Mengine yana kompyuta inayolibana kwa breki tairi linalozunguka bure ili nguvu ihamie kwa mwenzake. X-Trail za zamani zina swichi yenye maneno 2WD, AUTO na LOCK, na dereva anayekwenda Kwamtoro wakati wa mvua anapaswa kuijua kabla hajazama, si baada ya kuzama.

Hapa sasa nisikilizeni kuliko kote. Fowili inasaidia kuondoka. Haisaidii kusimama.

Kila gari, liwe fowili au lisiwe, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Likienda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, tangu breki zishike mpaka lisimame linahitaji kama mita 12. Kwenye theluji iliyoshindiliwa linahitaji karibu mita 50. Kwenye barafu, karibu mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Herufi 4WD haziupunguzi umbali huo hata kidogo. Na hatari yenyewe imejificha papo hapo: kwa kuwa gari limeondoka bila taabu, dereva anaamini kwamba ardhi inashika. Anaongeza mwendo. Anaijua kweli anapofika kwenye kona. Tope la mwezi wa pili linafanya vilevile.

Katika jimbo la Quebec nchini Kanada, ambako leo wanaishi Wakongo na Warundi wengi, sheria inamlazimisha kila mwenye gari dogo kufunga matairi ya baridi, yaani ya theluji, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 15 Machi. Hailazimishi mtu yeyote kuwa na fowili. Waliotunga sheria ile walijua kinachookoa watu.

Nasi Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe, tena wa fahari. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, kwenye njia za udongo. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kubwa hata magari saba tu yakamaliza, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404 inayosukumwa na magurudumu mawili. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano kati ya 1973 na 1982, wote kwa magari ya magurudumu mawili. Fowili ya kwanza kushinda Safari ilikuwa Audi ya Hannu Mikkola mwaka 1987, miaka saba baada ya Audi kuuonyesha ulimwengu gari lake la Quattro. Baada ya hapo fowili zilitawala, na zilistahili, kwa sababu zina kasi kubwa zaidi. Lakini wale wazee walivuka tope lile lile kwa mikono yao, kwa kuisoma ardhi na kwa kuchagua matairi.

Tukae hapo kwenye matairi, maana ndipo penye utamu wa habari yenyewe.

Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira laini, usiokakamaa kwenye baridi, na uso wake umechanjwa vichanjo vingi vyembamba. Kazi ya vichanjo hivyo inashangaza: vinakamata theluji na kuishikilia, kwa sababu theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. Tairi hilo linataka kujazwa.

Tope letu linataka kinyume chake. Kwenye mabonde ya wilaya hii kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unaingia kwenye ufa. Mvua ikinyesha unakunywa maji, unavimba, ufa unafungika, na juu panakuwa utelezi mtupu. Udongo huo ukijaa kwenye vichanjo vyembamba hautoki. Baada ya mita chache tairi limekuwa duara la udongo lisilo na meno, likiteleza juu ya udongo mwenzake, na udongo wa mbuga haushikani na mwenzake kama theluji. Ndiyo maana tairi la tope lina meno makubwa yaliyoachana, ili likizunguka liutupe udongo nje na kuuma upya.

Mchanga nao una sheria yake. Magharibi mwa barabara kuu mnakutana na makorongo ya mchanga, na Mto Bubu wenyewe, unaotoka pande za Kondoa kwenda kuishia kwenye bwawa la Bahi, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara pana ya mchanga. Mwingi umetoka kwenye milima iliyoliwa na mmomonyoko. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kuponya ardhi ya Kondoa, na wakati huo Chemba ilikuwa bado sehemu ya Kondoa. Ilikuja kuwa wilaya peke yake mwaka 2012. Kwenye mchanga kama huo tairi gumu linachimba, linazama mpaka ekseli inakalia mchanga, na hapo fowili zote zimekwisha. Dawa ni kupunguza upepo. Tairi la paundi 32 lishushwe mpaka kama 18, kiganja kitanuke, gari lielee juu ya mchanga, na dereva aende taratibu bila kukata kona kali. Wenye theluji ya kina kirefu hufanya hivyo hivyo. Akifika ng'ambo ajaze tena, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata joto na kupasuka.

Sasa rudini kwenye lile gari lililoshuka Dar es Salaam. Linaweza kuja na matairi yake ya baridi, mazuri kwa macho, meno yakiwa bado marefu, na mnunuzi akafurahi. Chungulieni ubavuni mwa tairi. Mkiona neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, mpira huo ulitengenezwa kwa siku zenye baridi chini ya nyuzi 7 hivi. Kwenye lami ya Chemba saa nane mchana unalainika, unayumba kwenye kona na kuisha upesi. Tafuteni pia tarakimu nne zilizo mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT: 3519 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mtoto wa darasa la tano anayeweza kusoma tarakimu hizo anamsaidia baba yake kuliko anavyodhani.

Kisha inameni mtazame uvunguni. Japani wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na tangu sheria ya mwaka 1990 ilipozuia matairi yenye misumari, kwa sababu misumari ile ilikuwa ikisaga lami na kujaza vumbi mijini, chumvi imebeba mzigo mkubwa zaidi. Chumvi inaingia kwenye mabomba ya breki, kwenye fremu, kwenye nati. Gari linaweza kung'aa juu huku chini linamomonyoka. Ukavu wa Dodoma unaipunguza kasi kutu, lakini chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kati ya mambo yote yanayoamua kama gari la theluji litadumu kwetu, mimi naliweka hili mbele.

La pili ni matairi yasiyolingana. Kwenye gari la magurudumu mawili mtu hununua tairi moja jipya akaendelea na matatu yaliyolika. Kwenye fowili inayosukuma wakati wote, tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko wenzake, hivyo linazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita. Lile kasha linalounganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma linadhani gari linateleza, linafanya kazi bila kupumzika kwenye lami kavu, linapata joto na kufa. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi. Wapo wanaokwepa gharama hizo kwa kufungua propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu nyuma, na kuacha magurudumu mawili yafanye kazi. Gari linatembea, ila herufi za nyuma zimebaki pambo, na atakayelinunua baadaye anapaswa kuambiwa.

La tatu ni vile vifuko vya mpira vyenye mikunjo vinavyofunika viungo vya ekseli. Mwiba au jiwe likikichana kimoja, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda mtasikia gari likigonga tak-tak-tak kwenye kona. Kifuko ni bei ndogo. Ekseli si bei ndogo.

Limebaki moja, nalo si la theluji kabisa. Ni maji. Mvua ikinyesha juu ya milima, Bubu na makorongo yake hushuka ghafla, hata kama hapa mlipo jua linawaka. Fanyeni hesabu nami. Gari dogo lina uzito wa tani moja na nusu hivi, na sakafu yake ni kama mita 6 za mraba. Maji yakipanda sentimita 25 juu ya sakafu, gari linasukuma pembeni maji yenye uzito wa tani moja na nusu, yaani uzito wake lenyewe. Linaelea. Viganja vinne vimeachana na ardhi, na gurudumu lisilogusa ardhi halisukumi, liwe la mbele au la nyuma. Tena maji yanayokimbia hayangoji gari lielee. Kina cha sentimita 30 tu kinaweza kulikokota gari dogo. Dereva wa Land Rover, dereva wa X-Trail na kijana wa bodaboda wote wanasubiri kwenye ukingo mmoja mpaka maji yapungue.

Na hata yakipungua, gari likivuka maji yanayofika usawa wa ekseli, kazi haijaisha. Difu ikiwa ya moto kutokana na safari, ikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake inanywea na kuvuta maji kupitia kitundu chake cha kupumulia. Mkifika, ngojeni ipoe na gari litulie, kisha fundi alegeze nati ya chini ya difu kidogo tu, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta na hutangulia kutoka. Mafuta nayo yakitoka meupe, yamwagwe yote na kuwekwa mapya kabla gari halijaanza safari ya kurudi.